Mkutano Mkuu wa Parokia: Mwongozo kwa Katibu wa Walei Aliyekabidhiwa Mafaili Juzi

Tumsifu Yesu Kristo.

Kila mwaka ikifika Novemba simu yangu inaanza kuita, na anayepiga ni katibu mpya wa halmashauri ya walei (waamini wasio mapadre wala watawa) wa parokia fulani, kachaguliwa juzi, kakabidhiwa bahasha ya kaki yenye mafaili matatu na mhuri uliokauka wino, na swali ni lile lile, "Kaka, hivi mkutano mkuu unaandaliwaje?" Mi nimekuwa katibu wa parokia vipindi viwili hapa Dar, sa hivi nimepumzika naimba besi tu kwaya kuu, kwa hiyo nimeona niandike mara moja, ukinipigia nakutumia hii alafu tunaongea yale ya ziada.

Nazungumzia parokia ya Katoliki huku Tanzania, yenye jumuiya (vikundi vidogo vya familia jirani), kanda na labda kigango (tawi la parokia) kimoja au viwili. Ndugu zetu wa KKKT na Anglikana mengi yatawafaa ila nyie kura zenu zina nguvu tofauti, msichukue kila kitu kama kilivyo.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaenda mbali: mkutano mkuu haufanyiki siku ya mkutano. Unafanyika kwenye jumuiya wiki sita kabla, Jumamosi asubuhi watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi na vigoda uani kwa mama fulani, kuku wanapita katikati. Siku yenyewe pale ukumbini mnakuja kukubaliana tu. Ukiona mkutano umechukua muda wa saa sita na watu wametoka wamenuniana, ujue huko nyuma kuna mtu aliruka hatua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Katiba au mwongozo wa halmashauri ya walei wa jimbo lako. Sio wa jimbo la shemeji yako, wa jimbo LAKO. Akidi (idadi ya chini ya wajumbe ili mkutano uwe halali), muda wa uongozi, nani ni mjumbe, vyote vimeandikwa humo na majimbo yanatofautiana.
- Muhtasari wa mkutano mkuu uliopita, uliosainiwa. Kama haupo anza kuutafuta leo, mara nyingi uko kwenye laptop ya katibu aliyepita, ambaye kahamia Dodoma.
- Vitabu vya stakabadhi, daftari la fedha na taarifa za benki za miezi yote 12. Na taarifa ya ile lipa namba ya sadaka ya simu, hiyo watu wanaisahau sana.
- Ruhusa ya paroko ya kupata takwimu kutoka vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Hivyo vitabu vitatu sheria ya Kanisa inailazimu kila parokia iwe navyo (kanuni ya 535), kwa hiyo usiambiwe havipo. Cha kipaimara na cha komunyo ya kwanza kwa kawaida navyo utavikuta ofisini.
- Grupu la WhatsApp la viongozi wa jumuiya, la matangazo tu, admin ndo anaandika. Lile la kupigana stori liache liendelee na maisha yake.
- Daftari gumu moja la kwako mwenyewe. Simu inaisha chaji.

Hatua kwa hatua

1. Kaa na paroko kabla hujamtajia mtu yeyote tarehe. Kuna watu wanachaguliwa walei wanadhani wameingia bungeni. Halmashauri ya parokia inashauri, na paroko ndiye anayeiongoza, kanuni ya 536 imesema wazi. Mwenyekiti wa walei anaendesha kikao kwa makubaliano naye. Hii haina maana wajumbe hawana sauti, paroko mwenye akili anajua akipuuza ushauri wa jumuiya mwaka ujao atajenga peke yake. Ila usiende ukaandika kwenye mwaliko "mkutano utaamua" kitu ambacho baba hajakisikia hata siku moja.

Mkubaliane mambo manne: tarehe, nani ataendesha, suala moja kubwa la mwaka, na yapi hayaingii ukumbini. La nne ndo la maana zaidi na ndo watu wanaona aibu kulisema. Kama kuna tuhuma dhidi ya mtu kwa jina lake, hiyo ina njia yake, sio mkutano mkuu.

Kuhusu tarehe: kama hesabu zenu zinafungwa 31 Desemba, lenga kati ya Jumapili ya tatu ya Januari na Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Angalia Majivu ya mwaka huo ni lini, inahama. Usiweke wiki mbili za kwanza za Januari, watu wako kwenye ada na sare za shule, kichwa hakipo kabisa, na wengine bado hawajarudi kutoka Moshi na Bukoba. Na kwa hiyo hiyo sababu usichanganye mkutano mkuu na harambee. Nimewahi kuona. Watu wakinusa harambee wanatuma wawakilishi watoto.

2. Tengeneza orodha ya wajumbe, kwa majina na namba za simu. Sio "viongozi wote wa jumuiya", majina. Kawaida ni mapadre wa parokia, watawa, makatekista, kamati tendaji, viongozi wa kanda na vigango, mwenyekiti na katibu na mweka hazina wa kila jumuiya, na wawakilishi wa vyama vya kitume na makundi: WAWATA (kina mama), UWAKA (wanaume), VIWAWA (vijana), Legio Maria, Moyo Mtakatifu, walezi wa Utoto Mtakatifu, kwaya. Tuseme mna jumuiya 24, mara watu watatu tayari ni 72, ukiongeza wengine unafika 120 bila kujua. Hiyo namba ndo inakupa akidi. Kama katiba yenu inasema zaidi ya nusu basi unahitaji 61, andika 61 kwa kalamu nyekundu juu ya orodha.

ANGALIZO: vijana. Kila mwaka VIWAWA wanapewa nafasi moja, anakuja kijana mmoja anakaa nyuma kabisa anashika simu, alafu wazee wanalalamika vijana hawashiriki. Wape nafasi tatu au nne na uwape kitu cha kuwasilisha.

3. Tuma fomu ya taarifa kwenye jumuiya, ukurasa mmoja tu, wiki sita kabla. Ukiwaambia "leteni taarifa ya mwaka" utapokea kurasa nne za "jumuiya yetu inaendelea vizuri kwa neema za Mungu" na hakuna namba hata moja. Uliza maswali saba, yenye nafasi fupi ya kujibu:

Familia zilizopo, zilizohamia, zilizohama. Mahudhurio ya kawaida ya jumuiya (idadi, sio "mazuri"). Wagonjwa na wazee wanaohitaji kupelekewa komunyo nyumbani. Wanandoa wanaoishi bila ndoa ya Kanisa ambao wako tayari kufundishwa. Watoto waliofika umri wa mafundisho na hawaendi. Familia zinazohitaji msaada, ziandikwe kwa idadi TU, majina anapelekewa paroko au kamati ya karitas kwa siri. Na mwisho: kitu kimoja jumuiya inataka parokia ifanye mwaka huu.

Hilo la mwisho ndo dhahabu. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) waliposema mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha uchungaji Afrika Mashariki walikuwa wanataka Kanisa liishi huko chini kwenye familia, sasa sisi tumeifanya jumuiya iwe mahali pa kukusanyia michango na kutangaziwa michango mingine. Fomu yangu ya kwanza kabisa, jumuiya moja ya kule bondeni iliandika: "Tunaomba Misa ya kwanza isogezwe nusu saa, daladala hazijaanza." Ni hayo tu. Miaka yote wale watu walikuwa wanatembea gizani na hakuna aliyewauliza. Ilisogezwa na haikugharimu hata mia.

4. Fungua muhtasari wa mwaka jana, uchambue yatokanayo. Chora jedwali daftarini: tuliamua nini, nani alipewa, imefika wapi. Alafu mpigie simu kila aliyepewa kazi. Wiki nne kabla, sio usiku wa kuamkia. Unampa nafasi ya kumalizia kilichobaki, na wengi wanamalizia kweli wakijua wataulizwa mbele za watu. Kilichoshindikana kiandikwe kimeshindikana na sababu. "Inaendelea kushughulikiwa" kwa mwaka wa tatu mfululizo ni matusi kwa wajumbe.

5. Fedha. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza tulisoma taarifa ya fedha ya kurasa kumi na moja, imechapwa vizuri, mweka hazina kavaa suti. Ukurasa wa saba kuna mstari umeandikwa "Mengineyo: 340,000". Bibi mmoja wa WAWATA, anauza vitumbua pale stendi, akanyoosha mkono akasema, "Baba samahani, mengineyo ni nani?" Ukumbi ukacheka, mweka hazina akatafuta kwenye makaratasi yake hakuona, akasema ni vitu vidogo vidogo, na hapo ndo pakawaka moto. Saa nzima na dakika kumi. Kumbe ilikuwa ni kumtibu mlinzi aliyevunjika mguu akiwa kazini na nauli ya kumrudisha kwao, jambo ambalo kila mtu ukumbini angelipigia makofi. Hakuna hela iliyoibiwa, ila parokia nzima ilitoka pale ikinong'ona, na mweka hazina, mtu mwaminifu kuliko wengi ninaowajua, aliachia nafasi mwaka uliofuata.

Tangu hapo sheria yangu ni kwamba hakuna mstari unaoitwa mengineyo. Kama kitu kilinunuliwa kina jina.

Namna ya kuandaa:

a) Ukurasa mmoja wa kusomwa na watu wote, hizo kumi na moja ziwe kiambatisho atakayetaka akague. Safu tatu tu: tulichokadiria, kilichopatikana au kutumika, tofauti.

b) Mapato kwa majina yanayojulikana kwa watu. Natoa mfano wa tarakimu za kufundishia tu: zaka 38,400,000, sadaka za Jumapili 52,150,000, mavuno 9,600,000, shukrani na ndoa 4,200,000, jumla 104,350,000. Chini yake weka sentensi moja ya kueleweka, "sadaka ya Jumapili moja ni karibu milioni moja kwa Misa zote". Watu hawaoni milioni 52, ila milioni moja kwa Jumapili wanaiona, na wataanza wenyewe kugawanya kwa idadi ya vichwa.

c) Mfuko wa jengo uwe PEKE YAKE. Sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani inatumika kwa kusudi hilo tu, hiyo ni kanuni ya 1267 na sio maoni yangu. Mlichangisha bati, nunueni bati. Onyesha: tulianza na 11,200,000, zikaingia 23,800,000, zikatumika 29,500,000, zimebaki 5,500,000, na taarifa ya benki ya 31 Desemba iwe na hiyo 5,500,000 kweli. Kama mlikopa huko kulipa umeme wakati sadaka imeshuka, semeni mlikopa, lini, na mtarudisha lini.

d) Kamati ya fedha ipitie kabla. Kila parokia inatakiwa kuwa na halmashauri ya fedha kwa mujibu wa kanuni ya 537, hii sio ya hiari kama watu wanavyodhani. Wakae na mweka hazina jioni moja wapitie stakabadhi kwa kuchomoa: shika kitabu, fungua popote, fuata ile stakabadhi mpaka benki. Ishirini zinatosha kukuonyesha hali ilivyo.

e) Mweka hazina afanye mazoezi ya kusoma kwa sauti. Usicheke, mi nilimsikiliza wetu mpya sebuleni kwangu mara mbili na mke wangu ndo akawa mjumbe msumbufu, maswali aliyouliza yalikuwa magumu kuliko ya ukumbini.

6. Rudisha hesabu kwenye jumuiya wiki mbili kabla ya mkutano. Ule ukurasa mmoja, nakala ya karatasi kwa kila jumuiya. Usome uani kule, maswali yaulizwe kule, katibu wa jumuiya ayaandike akuletee. Viongozi wengi wanaogopa hatua hii wanasema mtaanika mambo. Sasa waamini ndo wametoa hizo hela, na kanuni ya 1287 inataka watolewe hesabu ya walichotoa, mnamficha nani? Faida yake unaipata siku ya mkutano: maswali 40 yamekuja kwa maandishi, 31 ni yale yale kwa maneno tofauti, unajibu makundi matano na ukumbi unatulia.

ANGALIZO: tuma karatasi, sio picha WhatsApp. Picha ikitoka nje ya jumuiya utaikuta kwenye grupu la wazazi wa shule ikiwa na maelezo ambayo hujawahi kuandika.

7. Andika ajenda na mwaliko. Siku 14 kabla, na utangazwe Jumapili mbili mfululizo kwenye matangazo ya Misa zote, na vigangoni pia. Ajenda isizidi nane. Mpangilio wangu: sala na ufunguzi, mahudhurio na akidi, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya uchungaji na maisha ya jumuiya, taarifa ya fedha, suala kubwa la mwaka pamoja na bajeti, kufunga.

Uchungaji kabla ya fedha, kwa makusudi. Ukianza na fedha, taarifa ya wagonjwa na watoto inasomwa saa nane mchana watu wanakunja viti. Na umeona hakuna "mengineyo" hata kwenye ajenda. Mwenye jambo jipya analeta kwa maandishi siku tano kabla, linaingizwa au anaelezwa kwa nini halijaingizwa. Ukiacha mlango wa mengineyo wazi, hapo ndo kila kitu kilichokosa pa kwenda kitaingilia, kuanzia rangi ya kitambaa cha altare mpaka nani alimnunia nani kwenye msiba wa mzee fulani.

Kama ni mwaka wa uchaguzi, usifanye uchaguzi na mkutano wa mwaka siku moja. Nakuomba.

8. Ukumbi, maiki na chai. Haraka haraka: viti kwa nusu duara kama nafasi inaruhusu, maiki mbili, moja ya meza kuu na moja ya kutembea, na anayeitembeza awe kijana mwenye nguvu ambaye HAIACHII maiki, anaishikilia mwenyewe mjumbe anaongea. Hii ni siri ya ufupi. Luku ijazwe jana yake, jenereta liwashwe kujaribiwa na mafuta yawepo. Nakala za taarifa zitoke zote, kumi za ziada.

Chai msiibanie. Wajumbe na wahudumu jumla 130: maandazi mawili kila mmoja ni 260, agiza 300 kwa sababu kwaya itapita. Chai lita 50, sukari kilo nne. Waambie WAWATA mapema na muwape hela mapema, sio kuwapa ahadi ya kurudishiwa, kina mama wanakopa dukani kwa majina yao alafu parokia inawalipa Machi.

9. Siku yenyewe. Misa, alafu chai, alafu mkutano. Chai ikiwa mwisho utaongoza watu wenye njaa, na mtu mwenye njaa anapinga kila kitu. Meza ya kusaini mahudhurio iwe mlangoni, na orodha ya majina tayari (ile ya hatua ya 2), mtu anatia saini mbele ya jina lake. Daftari tupu linachukua dakika 40.

Mwenyekiti atangaze utaratibu mwanzoni: dakika mbili kwa mchangiaji, mtu haongei mara ya pili kabla wengine hawajaongea mara ya kwanza, majina ya watu hayatajwi. Wewe katibu usichangie sana, kazi yako ni kuandika, na kila ajenda ikifika mwisho muombe mwenyekiti arudie uamuzi kwa sentensi moja, uandike hiyo hiyo, uisome kwa sauti. Watu wakiitikia "sawa" mnasonga. Inaonekana kama kupoteza muda, ila inawaokoa na ugomvi wa "hatukukubaliana hivyo" wa mwezi wa nne.

Lenga mkutano uchukue muda wa saa tatu. Zikizidi, watu wanaanza kutoka mmoja mmoja kama wanaenda kupokea simu.

10. Muhtasari ndani ya siku saba. Kichwa bado kina moto. Usiandike nani alisema nini, andika hoja, uamuzi, mtekelezaji, tarehe, na fedha inatoka wapi. Linganisha hizi mbili:

Mbaya: "Wajumbe walisisitiza umuhimu wa kuboresha kigango."

Nzuri: "Bati za kigango zibadilishwe kabla ya 30 Juni. Mtekelezaji: kamati ya ujenzi. Fedha: 3,200,000 kutoka mfuko wa jengo. Mkataba wa fundi utasainiwa na paroko."

Hiyo ya paroko kusaini ni muhimu, yeye ndo anaisimamia parokia kisheria (kanuni ya 532), mwenyekiti wa walei akisaini mkataba wa fundi kwa jina lake na fundi akakimbia na hela, atajibu mwenyewe.

Paroko na mwenyekiti wasaini, nakala moja ofisini, moja kwako, moja ya kila kanda.

11. Rudi kwenye jumuiya. Ukurasa mmoja wa maamuzi, sio muhtasari wote. Na zile jumuiya zilizoandika ombi kwenye fomu zijibiwe kila moja kwa jina lake, hata kama jibu ni hapana. Hii hatua karibu kila parokia inairuka, alafu mwaka unaofuata fomu zinarudi tupu na katibu anashangaa. Weka kwenye kalenda yako tarehe tatu za kufuatilia, mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba, unapiga simu kwa watekelezaji na kutia alama kwenye jedwali.

Mambo yakiharibika

*Akidi haijatimia.* Subirini muda ambao katiba yenu inaruhusu. Ikishindikana msijifanye hamjaona, maana mtu wa kwanza asiyependa uamuzi ndo atakumbuka akidi. Someni taarifa kama semina, maamuzi yaahirishwe. Na ujiulize mwaliko uliutoaje. Mara nyingi sababu ni msiba mkubwa mtaani au wikiendi ya harusi, na hiyo mwenyekiti wa kanda alikuwa anaijua, hakuulizwa tu.

*Hesabu hazilingani na benki usiku wa kuamkia mkutano.* Kwanza angalia lipa namba, kuna hela zimekaa kwenye simu hazijahamishiwa benki. Pili makato ya miamala. Tatu hundi iliyoandikwa Desemba ikalipwa Januari. Hizo tatu zinamaliza kesi nyingi. Zikibaki tofauti, itajwe ukumbini kwa kiasi chake na tarehe ya kuleta majibu. Usipake rangi namba. Siku zote kuna mjumbe mmoja mhasibu aliyestaafu, amekaa mstari wa tatu, kaja na kikokotoo.

*Mtu kaanza kumtuhumu mwenzie kwa jina.* Mwenyekiti asimame, akate mara moja kwa upole: "Ndugu yangu, hilo lina mahali pake, utaonana na baba baada ya hapa." Asiulize "ushahidi unao?" Akiuliza tu amefungua kesi.

*Suala la mazishi na wasiotoa zaka.* Litakuja, kila mwaka linakuja: familia fulani ilifiwa, wakaambiwa marehemu hakuwa anaonekana jumuiya wala kutoa zaka, padre akachelewa au hakuja, watu wameumia. Usiliache lijibiwe papo kwa papo na mwenye hasira. Muombe paroko aandae maneno yake kabla, aseme mwenyewe utaratibu wa parokia ukoje, nani anatoa taarifa ya kifo kwa padre na kwa muda gani, na kwamba hakuna kiongozi wa jumuiya mwenye mamlaka ya kumnyima mtu mazishi. Nimeona viongozi wa jumuiya wanajipa hayo mamlaka kwa sababu ya deni la elfu kumi na mbili. Inauma mno.

*Mzee hataki kuachia maiki.* Ndo maana kijana anaishikilia. Kama tayari kaichukua, mwenyekiti amshukuru kwa sauti kubwa, ukumbi upige makofi. Makofi yanamaliza hotuba yoyote.

*Kwaya mbili zinagombana kuhusu kinanda.* Kamati ya liturujia. Tena siku nyingine kabisa.

*Paroko kahamishwa mwezi mmoja kabla.* Inatokea. Fungeni hesabu kwa tarehe ya makabidhiano, zisainiwe na anayeondoka, na mkutano usogezwe mpaka mpya azoee njia ya kwenda vigangoni. Msimpokee na bajeti ambayo tayari imepitishwa.

*Umeme umekatika na jenereta limegoma.* Sogezeni viti karibu. Mkutano mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika muhtasari wake ulikuwa hauna maiki, mvua inapiga kwenye bati, tumebanana mbele kama jumuiya, na ilibidi kila mtu aongee taratibu na mwenzie anyamaze ili asikike.

*Mhuri umekauka.* Wino wa mhuri dukani ni hela kidogo tu. Nunua leo.